Zamu ya Sindano

Jumanne ni siku ya chanjo, na siku ya chanjo kliniki huwa na kelele kuliko soko. Sindano, muuguzi wa hapo, alikuwa ameshachoma watoto ishirini na saba asubuhi ile, na kila mmoja alikuwa amempa shukrani yake: huyu teke, yule ukelele, mwingine mkojo wa vuguvugu kwenye mkono wa gwanda. Aliponyanyua kichwa kuita kadi inayofuata, akamwona mwanamume wa makamo amekaa kwenye benchi katikati ya akina mama, magoti ameyabana, kofia mapajani, mtoto hana.

"Baba, mgonjwa wako yuko wapi?" aliuliza, macho yakiwa bado kwenye kadi.

"Ni mimi mwenyewe, sista. Chanjo ya surua. Nimechelewa miaka hamsini."

Akina mama wakaangua kicheko. Sindano aliitambua sauti kabla ya sura. Ilikuwa sauti ya Waya, na hakuwa ameisikia kwa miaka kumi na moja.

Pale kliniki hakuna aliyemwita Sindano. Pale alikuwa sista, basi. Jina la Sindano alilipata jukwaani, zamani kidogo, enzi alipokuwa akighani na kundi la Zamu. Mistari yake ilikuwa mifupi, na msikilizaji alishtukia imeshaingia. Waya ndiye aliyempa jina hilo, kama alivyowapa wengine majina yao, maana Waya ndiye aliyelianzisha kundi.

Waya alikuwa fundi redio. Nyuma ya duka lake kulikuwa na chumba kisicho na dirisha. Akakitundikia magodoro ukutani, akaweka maiki moja na viti vinne, akaita studio. Kisha akawaita marapa wanne waliokuwa tayari na sifa, kila mmoja jogoo wa mtaa wake. Watu wakasema majogoo wanne hawakai banda moja. Waya akajibu kwamba hawatakaa, watapokezana. Kila albamu ikimalizika, mmoja au wawili watainuka na wengine watakaa. Kiti si cha mtu. Ndiyo maana likaitwa Zamu. Kwa miaka kumi na mitano walikuwa wamepita marapa ishirini na watatu kwenye viti vile, na wapenzi wa muziki walikuwa wakibishana vijiweni kuhusu safu ipi ilikuwa bora, kama wanavyobishana kuhusu timu za mpira.

Mmoja tu hakuwahi kuinuka. Watu wenyewe hawakukubali ainuke. Huyo aliitwa Radi.

"Radi amefanyiwa upasuaji wa koo," Waya alisema, Sindano alipomvuta nyuma ya pazia la mizani. "Uvimbe. Si ule mbaya, tunashukuru. Lakini sauti imekwenda."

Sindano alinawa mikono polepole. "Pole yake. Na mimi naingiaje hapo?"

"Jumapili ya mwisho wa mwezi tunatimiza miaka kumi na mitano. Ukumbi wa jamii, saa tisa alasiri. Tiketi zimekwisha. Watu wanakuja kusikia ubeti wa korido, dada yangu. Wasipousikia watabomoa viti."

"Mpe mtu mwingine. Kila mtu mjini anaujua."

"Kila mtu anaujua," Waya alisema, akiikunjakunja kofia yake. "Ila mwenyewe ni mmoja."

Sindano akamtazama. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akisubiri mmoja wao atamke maneno hayo, na sasa yametamkwa nyuma ya pazia, kati ya mizani na ndoo ya taka, akashindwa kujua ayafanyie nini. "Mimi nina foleni," alisema, akatoka kuita kadi namba ishirini na nane.

Ubeti wa korido aliuandika yeye akiwa na mimba ya miezi minane. Aliuandika kuhusu mama yake, aliyefagia korido za hospitali kwa miaka ishirini na sita, akamsomesha bintiye uuguzi kwa kazi hiyo hiyo. Ulianza hivi:

*Mama alifagia korido, mimi nikajifunza hatua,*
*Kila tofali la sakafu, kwa jina alilijua.*
*Wakubwa walipita juu ya kazi yake, wakaiita njia,*
*Hawakujua kila njia ina mtu aliyeipigania.*
*Nguo nyeupe niliyovaa, usidhani nimepewa,*
*Ni jasho la mwenye ufagio ndilo lililofuliwa.*

Alirekodi mara moja tu, pumzi zikimkata, mvua ikipiga bati. Wiki iliyofuata uchungu ukamshika kabla ya siku zake. Alipotoka wodini na kichanga chake, wimbo ulikuwa umeshaanza kupigwa redioni, na ubeti ulikuwa ndani ya sauti nzito ya Radi. Neno moja tu lilikuwa limebadilishwa. Pale palipokuwa na "Mama" sasa palikuwa na "Mzee".

Wimbo ukashika kama moto wa nyasi. Watu wazima walilia. Walimu waliunukuu kwenye mahafali. Baba yake Radi, mwenye duka la misumari na rangi, mtu ambaye hajawahi kushika ufagio tangu azaliwe, akawa anasimamishwa njiani anapewa mkono na kuambiwa, "Hongera, mzee, umetoka mbali." Radi hakusema kitu. Waya hakusema kitu. Sindano naye hakusema kitu. Alirudisha ufunguo wake wa studio kwa mtu wa kutumwa, na hakukanyaga tena.

Jioni ya Jumanne ile alilisimulia jambo hilo mezani. Nyumbani walikuwa wanne: yeye, mumewe ambaye ni fundi wa kuchomelea mageti, binti yao wa miaka kumi na mmoja, na mama mkwe, aliyekuja kuwatembelea kwa wiki mbili mwaka juzi na bado mkoba wake hajaufungua wote, ili isionekane kwamba amehamia.

Binti hakuwepo mezani; alikuwa kwa jirani akifanya hesabu za shule. Ndiyo maana Sindano alisema yote.

"Mungu hana haraka," mama mkwe alisema, akiweka kijiko chini kwa heshima zote. "Kakuibia sauti, kanyang'anywa sauti."

"Mama, usiseme hivyo. Uvimbe wa koo unawapata hata wauza samaki na walimu. Ni kupaza sauti tu. Hauna uhusiano na dhambi."

"Mimi sijasema dhambi. Nimesema haraka."

Mume akacheka ndani ya kikombe chake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mashine yake ilipiga kelele ya kutosha mchana kutwa. "Mama watoto," alisema, "mimi nina swali moja. Huyo mtu umeshawahi kumuuliza kwa nini?"

Sindano akaanza kukusanya sahani. Hakuwahi.

Alhamisi ilikuwa siku yake ya mapumziko. Akaenda kwa Radi.

Mlango ulifunguliwa na baba yake Radi. Mzee alikuwa amevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na kwa muda alimtazama mgeni kama mtu anayetafuta bei ya kitu rafuni.

"Shikamoo, baba. Mimi ni..."

"Marahaba. Nakujua. Wewe ni yule binti." Mzee akavuta pumzi. "Ingia. Kabla hujamwona yeye, keti kwanza unisikie mimi. Miaka kumi na moja watu wananipa pole na hongera kwa kazi nisiyoifanya. Mwaka wa kwanza nilikataa, wakasema mzee mnyenyekevu huyu. Nikazidi kukataa, wakazidi kunipenda. Msikiti mzima, kanisa zima, soko zima. Nikamwambia mwanangu, niondolee huu ufagio. Akasema, 'Baba, nitautoa.' Hajautoa. Basi mimi nakuomba radhi kwa upande wangu, kwa sababu mahali fulani katikati nilianza kuzoea."

Sindano alikuja amejifunga kibwebwe kwa vita, akajikuta anazuia kicheko. "Mzee wangu, wewe huna kosa."

"Ninalo dogo," mzee alisema kwa unyoofu. "Kuna siku nilikaa mbele kwenye sherehe kwa sababu yake."

Radi alikuwa uani nyuma, kwenye kiti cha plastiki, shingo imezungushiwa kitambaa. Alikuwa amepungua. Alipomwona, akasimama, akanong'ona kitu.

"Acha kunong'ona!" Sindano alisema, na uuguzi ukamtoka kabla ya hasira. "Hawakukuambia? Kunong'ona kunachosha koo kuliko kusema. Ama useme kwa sauti ya chini, ama unyamaze."

Radi akaketi. Akachukua daftari la shule lililokuwa chini ya kiti, akaandika, akamwonyesha. *Daktari ameniruhusu dakika tano kwa siku. Leo nimezimaliza kwa kugombana na baba.*

"Basi andika. Mimi nitasoma. Nina swali moja tu: kwa nini?"

Aliandika muda mrefu. Mara mbili alifuta, mara moja alichana karatasi akaikunja na kuitia mfukoni. Sindano alikaa akitazama nguo zilizoanikwa, akahesabu mashati ya mzee, akajizuia kuchungulia. Mwishowe Radi akampa daftari na kugeuza uso.

*Ulipokwenda kujifungua, albamu ilikuwa inakabidhiwa keshokutwa. Mvua ilikuwa imeingia kwenye sauti yako, Waya akasema haifai. Nikasema nitaughani mimi, halafu tutatangaza kuwa ni wako. "Mama" nikageuza "Mzee" kwa sababu mama yangu nilimzika nikiwa na miaka tisa, na neno hilo halikunitoka mdomoni. Nilijaribu mara nne. Redioni mtangazaji akaniuliza juu ya baba yangu mfagiaji, na kabla sijajibu nikaona analia. Mara ya kwanza nilinyamaza kwa aibu. Mara ya pili nilinyamaza kwa sababu ya mara ya kwanza. Baada ya hapo sikuhitaji sababu.*

Sindano akasoma mara mbili. Jambo la mama hakulijua. Walikaa studio pamoja miaka minne na hakulijua.

"Mama yangu aliusikia," alisema hatimaye. "Alikuwa jikoni anamenya viazi. Akaniuliza, 'Huyu mzee anayefagia, ni nani?' Nikamwambia simjui. Ningeweza kumwambia. Neno moja tu: ni wewe. Lakini nilimjua mama yangu. Angevaa kandambili zake akaenda mpaka redioni. Nikaona aibu ya kuonekana nalilia wimbo. Nikasema nitamwambia siku nyingine, tukiwa tumetulia. Ameondoka duniani mwaka wa nne sasa."

Radi alimtazama. Akaifunika kalamu, akaitia mfukoni.

"Kwa hiyo tulinyamaza wawili," Sindano alisema. "Lakini ukimya wako ulilipwa makofi."

Radi akatikisa kichwa kukubali. Hakujitetea, na hilo lilimsaidia Sindano kuliko maneno yote ya daftari.

Alipokuwa anaondoka, mzee akamsindikiza mpaka barabarani na kumpa kopo dogo la rangi ya mlango, kijani, zawadi kutoka dukani kwake. Sindano akalibeba mpaka nyumbani. Mumewe akauliza, "Ndiyo amekubali kosa?" naye akajibu, "Nimekubali kupanda jukwaani," na wote wawili wakaona hilo si jibu la swali lile, wakaliacha hivyo.

Mazoezi yalichukua alasiri nne. Studio ilikuwa ile ile, magodoro yale yale, ila maiki zilikuwa tatu sasa na viti vilikuwa na mito. Kwenye safu ya wakati huo alikuwepo msichana aliyeitwa Kokoto, fundi wa kupaka rangi magari, kucha zake daima zina doa la rangi ya gari la mwisho. Alikuwa na pumzi kama mvukuto. Sindano, aliyedhani bado yumo, alifika mstari wa nne akawa anahema kama aliyepanda ngazi na gunia.

"Shangazi, unavuta hewa kwa mabega," Kokoto alisema kwa adabu. "Vuta kwa tumbo. Mimi nilijifunza kughani kwa ubeti huu huu, nikiwa darasa la sita. Mstari wa tatu Radi anaiba pumzi kidogo baada ya 'kazi yake'. Isikilize, utaisikia."

Sindano akasikiliza. Ni kweli, Radi alikuwa akiiba pumzi hapo. Mahali hapo pa kupumulia alipaweka yeye mwenyewe, kwa sababu mtoto alikuwa anampiga teke ubavuni.

Hakumwambia Kokoto. Kwa Waya alikuwa na neno jingine, siku ya mwisho ya mazoezi, wakikunja nyaya.

"Na wewe ndiye uliyebonyeza kitufe Radi aliporekodi."

"Ndiye."

"Mimi nilimchukia yeye tu, miaka yote hii. Wewe nilikusahau."

"Nilijua," Waya alisema. "Nilishukuru, kisha nikaona haya kwa kushukuru." Akauzungusha waya kwenye kiwiko chake mpaka ukaisha. "Ile rekodi yako ya mvua ninayo. Sikuifuta. Ukiitaka."

"Si sasa."

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Walikuwepo watu wazima waliokuwa vijana wakati wa safu ya kwanza, wamekuja na watoto wao, na fulana za Zamu za miaka tofauti, nyingine zimebana matumbo. Mama mkwe alikaa safu ya mbele na mkoba mapajani. Spika ya kwanza ilipopiga, akamshika mwanawe mkono na kusema kwa sauti ya kusikika safu tatu nyuma, "Hii inanipiga kwenye figo." Binti alikaa katikati yao, macho kodo.

Marapa walipokezana vizuri. Walikuja kumi na mmoja wa safu za zamani, kila mmoja na ubeti wake. Mmoja alisahau mistari, ukumbi ukamsaidia, akacheka na kuinama. Kisha Waya akazima biti, ule mdundo wa nyuma, na Radi akatoka pembeni.

Watu walisimama wote. Walipiga makofi mpaka yakawa kama mvua, naye akasubiri. Tangu asubuhi hakuwa amesema neno. Baba yake alishuhudia kwamba hata chai aliiomba kwa kidole. Alipoisogelea maiki, sauti iliyotoka ilikuwa kama mlango wa bati unaoburutwa kwenye saruji. Watu wakashtuka. Wengi hawakuwa wamejua.

"Ubeti huu si wangu," alisema. "Aliuandika Sindano. Mfagiaji ni mama yake. Mimi nilijua, nikanyamaza."

Halafu wakapiga makofi tena, makofi ya upendo, ya mtu anayemwonea huruma mgonjwa, na Sindano kutoka pembeni aliona wazi kwamba nusu ya ukumbi haikusikia, na nusu iliyosikia ilidhani ni unyenyekevu wa msanii mkubwa anayempisha mgeni. Mtu akapaza sauti, "Tunakupenda, Radi!" Radi akamgeukia Sindano, uso umemshuka, kama mtu aliyekabidhi mzigo mzito kwenye kaunta akakuta hakuna wa kuupokea.

Sindano akaingia. Alipompita akamgusa bega. Biti ikaanza.

"Mama alifagia korido," alighani, na ukumbi mzima ukaghani juu yake, watu mia nane kwa pamoja: "Mzee alifagia korido!"

Neno lake likafunikwa. Alilisikia mwenyewe tu, ndani ya fuvu. Mstari wa pili ukamponyoka, wa tatu akauanza amechelewa, na mahali pa kuiba pumzi akapapita bila kupaona. Kokoto alikuwa kulia kwake na maiki mkononi, na kwa desturi ya Zamu mwenzako akikwama unamdaka. Hakumdaka. Aliweka kiganja tumboni, akavuta hewa kwa kuonyesha, kama anavyofundishwa mzazi chumba cha uzazi. Sindano alikuwa amewafanyia mamia ya wanawake ishara ile. Akavuta hewa. Kisha akanyoosha mkono kwa Waya, na Waya, aliyemfahamu, akakata biti.

Ukumbi uliendelea maneno mawili matatu, ukajikuta uchi, ukanyamaza.

"Nitaanza upya," Sindano alisema, kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mzazi ashike vizuri mguu wa mtoto. "Bila ngoma. Mnisikilize mara moja, halafu mwimbe mnavyotaka."

Akausema ubeti polepole. Hakuukazia kokote. Alisema "Mama" kama linavyosemwa nyumbani, mtu akiita kutoka chumba kingine. Aliposema wakubwa walipita juu ya kazi yake, kuna mwanamke katikati ya ukumbi alisema "Ndiyo" kwa sauti ya kawaida tu, kama anajibu swali. Feni za darini zilisikika. Alipofika kwenye jasho lililofuliwa, akamwona Kokoto anamtazama mdomo wazi, na akajua kwamba yule angalau ameelewa.

Biti ikarudi. Wakaghani wote. Safu za mbele zilisema "Mama". Za kati zilichanganya. Na kuna mwanamume mmoja nyuma kabisa, karibu na mlango, aliyeendelea na "Mzee" mpaka mwisho kwa moyo wake wote, wala hakuna aliyemkatiza.

Walipomaliza, alikaa nyuma ya jukwaa kwenye kasha la spika. Radi akaja na maji, akakaa kando yake. Koo lilikuwa limechoka. Walikunywa maji. Baada ya muda akaandika kwenye daftari: *Hawakunisikia.*

"Wachache wamesikia," Sindano alisema. "Itasambaa polepole. Na wewe utaisema tena kesho redioni, na keshokutwa, mpaka uchoke."

*Daktari je?*

"Daktari amekupa dakika tano. Hiyo inataka nusu dakika."

Radi akatabasamu, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mama mkwe akaingia bila kubisha, akiongozwa na mkoba wake. Alimtazama Radi juu mpaka chini. Sindano akajiandaa. Lakini kikongwe akasema tu, "Mwanangu, asali na maji ya vuguvugu. Asubuhi na jioni," akageuka na kutoka. Baadaye nyumbani alidai kwamba alikuwa na maneno mengine kabisa, ila yalimganda alipoona shingo ya mtu imefungwa kitambaa.

Walikuwa wameshafika getini, mume akitafuta ufunguo, ndipo binti akauliza, "Mama, kumbe aliyekuwa anafagia ni bibi?"

"Ndiye."

"Mimi shuleni nimeimba 'Mzee' miaka yote."

"Najua. Nilikuwa nakusikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri mwingine aanze kusema," alijibu.

Mtoto akalifikiria hilo. "Alifagia korido ipi?"

"Ya wodi ya watoto. Na ya mapokezi, na ile ndefu inayokwenda maabara."

"Nataka kuiona."

Jumatano baada ya shule walikwenda. Hospitali ilikuwa imebadilisha sakafu. Matofali ya zamani yalibaki kwenye kipande kimoja tu, mbele ya maabara, mekundu na yaliyochakaa katikati. Binti alivua viatu akasimama juu yake. Mfagiaji wa zamu hiyo, kijana mwenye ndoo ya magurudumu, akawaomba wampishe, na Sindano akamwuliza hali yake na jina lake, kama mama yake alivyotamani kuulizwa.

Sindano akarudi Zamu, akakaa kitini albamu moja, miezi minane. Aliandika mambo mapya: foleni ya chanjo, mume asiyesikia kwa sababu ya mashine, mkoba usiofunguliwa. Mama mkwe aliposikia wimbo wa mkoba alinuna siku mbili, kisha akaanza kuwapigia simu jamaa zake kuwataarifu kwamba ameimbwa. Ule ubeti wa mvua, Waya aliuchezesha siku moja asubuhi, milango imefungwa. Sindano aliusikiliza mpaka mwisho, akasema uachwe ulivyo, na ukatolewa hivyo, bati na mvua na pumzi zake zote.

Radi alirudishiwa sauti kidogo, ya kuzungumzia, si ya kughani. Redioni alikwenda, mara tatu. Wapo waliomsifu, wapo waliomtukana, na baba yake akaacha kusimamishwa njiani, jambo ambalo mzee alikiri kwamba lilimpa nafuu na upweke kwa kiasi kinacholingana. Studio wakampa Radi kiti cha tano, cha pembeni, kisicho na maiki. Kazi yake ikawa kusikiliza wengine na kusema wapi panavuja.

Albamu ilipokamilika, Waya aliuliza kama kawaida nani anainuka. Sindano alisimama.

"Shangazi, bado!" Kokoto alilalamika. "Ndiyo kwanza pumzi imekaa sawa."

"Ndiyo wakati mzuri wa kuinuka," Sindano alisema.

Aliyekuja kukaa alikuwa kinyozi wa miaka ishirini na minne, mwenye mistari mizuri na haraka ya kuimaliza. Jumamosi yake ya kwanza Sindano alipita kuchukua sweta alilolisahau, akasimama mlangoni. Kinyozi alighani mistari minne kwa mbio, akameza nusu ya wa tatu, akawatazama wote kwa hofu.

"Rudia," Radi alisema kwa ile sauti yake ya bati. "Hapo kati, nani huyo unayemzungumzia?"

"Dada yangu," kinyozi akajibu.

"Basi mtaje asikike."

Kinyozi akajipangusa kipaji, akasogeza maiki, akaanza tena. Sindano akavaa sweta lake, akabaki kidogo asikilize.